Risasi isiyo na mlio: Nilichokiona kwenye bonde la machimbo ya kale

“Mama mkubwa, tazama! Jiwe langu linang’aa!”

Mtoto wa mdogo wangu ana miaka mitano na huokota kila anachokiona. Siku hiyo alikuwa ameinama kwenye lundo la kokoto kando ya njia, akainuka na jiwe dogo lakini zito, lenye pande bapa zinazometa kama fedha iliyofifia. Jiwe lilikuwa mkono wa kulia. Mkono wa kushoto alishika kipande cha mkate alichopewa na mama yake muda mfupi uliopita, na tayari alikuwa anataka kubadilisha mikono.

Nilimwomba jiwe. Kisha nikamwomba na mkate. Alikunja uso kama mtoto yeyote anayenyang’anywa chakula. Mama yake, ambaye ni muuguzi, akacheka: “Dada, hata huku umekuja na kliniki yako?”

Sikucheka naye. Jiwe lile lilikuwa galena, jiwe ambalo ndani yake hupatikana madini ya risasi, na lilinikumbusha mtoto mwingine ambaye miaka kadhaa iliyopita alifika mbele yangu mara tatu na mara zote tatu nilikosea. Wiki hii naomba niwasimulie matembezi yale na habari za mtoto yule, kwa sababu sumu iliyowahusu wote wawili ni moja.

Bonde zuri lililokuwa kiwanda

Ilikuwa Agosti, nami nilikuwa kaskazini mwa Uingereza kwa mafunzo ya wiki tatu. Mdogo wangu anafanya kazi huko, na Jumamosi moja aliamua kunitoa kwenye vitabu. Alitupeleka Swaledale, bonde la Mto Swale katika vilima vya Yorkshire, eneo lililo ndani ya hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 1954. Tuliacha gari katika kijiji cha Gunnerside, chenye nyumba za mawe ya kijivu, tukaanza kupanda kando ya kijito kinachoshuka kutoka kaskazini. Bonde la kijito hicho huitwa Gunnerside Gill.

Mwanzoni njia ipo kivulini, katikati ya miti. Baada ya kitambo miti inaisha, na mbele yako kuna vilima vilivyo wazi hadi macho yanapoishia. Waliopanda Kilimanjaro wanaweza kupata picha: ukishatoka msituni na kupita Mandara, miti mirefu hukuaga na unaingia kwenye vichaka vya baridi na upepo. Nyika za juu za Yorkshire zimefunikwa na hetha, kichaka kifupi chenye shina gumu, cha ukoo mmoja na vichaka vile vya Kilimanjaro. Agosti ni mwezi wake wa kuchanua, na vilima vinageuka zambarau. Kondoo hula wakiwa wametawanyika bila mchungaji. Hata katika kiangazi chao nilivaa sweta.

Ni mahali ambapo ungeapa kwamba hapajawahi kuguswa na binadamu. Lakini tazama vizuri miteremko ya pande zote mbili. Kuna mikato mirefu iliyokwenda chini, kama makorongo ya masika. Mvua haikuyachimba. Wachimbaji wa zamani walijenga mabwawa ya udongo juu ya kilima, wakayaacha yajae, kisha wakayabomoa kwa ghafla ili maji yaporomoke na kung’oa udongo wote, mwamba wenye madini ubaki uchi. Walifanya hivyo tena na tena kwa vizazi. Udongo wote uliong’olewa ulikwenda kijitoni, na kijito kikaupeleka mtoni.

Walichotafuta ni risasi. Uchimbaji katika bonde hili ni wa karne nyingi, na kilele chake kilikuwa karne ya 18 na ya 19. Ulaya ya wakati huo haikuweza kuishi bila risasi: iliezeka makanisa, ikawa mabomba ya maji, ikachanganywa kwenye rangi za nyumba, na ikawa risasi za bunduki. Kiswahili chetu kimeyapa madini haya jina lile lile la kitu kinachotoka kwenye mtutu, na mimi kama daktari nashukuru, kwa sababu jina lenyewe ni onyo. Tofauti ni kwamba hii ninayoizungumzia haina mlio.

Katikati ya safari tulifika kwenye mdomo wa handaki liitwalo Sir Francis Level, lililoanza kuchimbwa mwaka 1864. Karibu yake kuna safu ya vyumba vidogo vya mawe visivyo na mlango wala paa. Kila kikundi cha wachimbaji kilimwaga mawe yake kwenye chumba chake ili yasichanganyike na ya wengine, maana malipo yalitegemea madini waliyoyapata. Baada ya hapo mawe yalipondwa, yakachambuliwa na kuoshwa. Katika machimbo ya risasi ya kaskazini mwa Uingereza, kuponda na kuosha mawe ilikuwa kazi ambayo mara nyingi waliachiwa wavulana. Katika Swaledale, hapo zamani, wanawake pia walikaa na nyundo wakivunja mawe hayo.

Mbele zaidi, vijito viwili vinapokutana, kuna magofu ya tanuri la Blakethwaite. Hapo ndipo mawe yaliyeyushwa. Kuni hazikuwapo, hivyo walichoma udongo mweusi wa majani yaliyooza kwa maelfu ya miaka, uliokatwa nyikani kama matofali na kuanikwa hadi ukauke. Kutoka kwenye tanuri, mfereji wa moshi uliojengwa kwa mawe unapanda mlima hadi juu kabisa.

Mdogo wangu aliuliza kwa nini walihangaika kujenga bomba la moshi refu namna ile. Sababu zilikuwa mbili. Kwanza, moshi wa tanuri ulikuwa sumu, na walitaka utokee mbali na watu. Pili, moshi ule ulibeba risasi, na ukipoa ndani ya mfereji risasi huganda kwenye kuta. Watu walitumwa kuingia humo kuikwangua, maana ilikuwa fedha.

Kwa maneno mengine, walijua. Hawakuwa na maabara zetu, lakini waliona farasi na ng’ombe wakidhoofika karibu na matanuri, na waliona mafundi wa kuyeyusha wakishika matumbo kwa maumivu. Mwaka 1864, mwaka ule ule handaki lile lilipoanza, tume ya serikali iliyoongozwa na Lord Kinnaird ilitoa taarifa yake kuhusu afya ya wafanyakazi wa migodi isiyo ya makaa ya mawe. Picha iliyotoka ilikuwa ya wanaume waliochoka vifua mapema, kwa vumbi la mwamba na hewa nzito ya chini ya ardhi.

Kampuni ziliondoka, risasi ilibaki

Mwishoni mwa miaka ya 1870 na katika miaka ya 1880 bei ya risasi ilianguka, kwa sababu risasi ya bei nafuu iliingia kutoka nje, hasa Hispania. Migodi ya Swaledale ilikufa mmoja baada ya mwingine. Familia zilifunga mizigo. Wengine walikwenda kwenye makaa ya mawe ya Durham, wengine viwanda vya pamba vya Lancashire, wengine wakavuka bahari hadi Marekani.

Ungetegemea kwamba zaidi ya miaka 100 baadaye mambo yamekwisha. Lakini juu ya bonde, malundo ya kokoto bado yako uchi. Nyasi zimeshindwa kuota kwenye sehemu kubwa. Kinachoweza kuota hapo ni kimmea kifupi chenye maua meupe kama nyota, kinachovumilia udongo wenye risasi ambao mimea mingine hukataa. Wachimbaji wa zamani wakikiona walijua wamekaribia madini.

Karibu na lango la kondoo tulikutana na mzee mmoja mfugaji akiwa na mbwa wake. Lafudhi yake ilinisumbua, lakini nilimwelewa alipotuonyesha ukingo wa kijito. Alisema tangu utoto wake wanajua kwamba baada ya mafuriko ndama hawalishwi pale chini, wanangoja mvua zisafishe nyasi.

Mzee yule hakuwa anasimulia ngano. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 2000, watafiti walipima tope lililoachwa kwenye kingo za Mto Swale na kukuta madini ya machimbo hayo ya kale yamesafirishwa mbali chini ya bonde. Huko Wales, kwenye mabonde mengine yaliyokuwa na machimbo ya risasi, ng’ombe walipata sumu baada ya kulishwa majani ya akiba yaliyovunwa kwenye mashamba yaliyofunikwa na mafuriko ya mwaka 2012. England yenyewe imejiwekea lengo la kisheria kwamba ifikapo mwaka 2038 ipunguze kwa nusu urefu wa mito inayochafuliwa na metali kutoka migodi iliyotelekezwa. Urefu huo wa kuanzia ni takriban kilomita 1,500.

Fikiria hilo. Waliochimba, waliopata faida na waliokufa kwa vumbi wote wako makaburini. Anayelipa leo ni mjukuu wa mjukuu wao.

Mtoto niliyemkosea

Sasa nirudi nyumbani. Mvulana huyu alikuwa na miaka minne. Mama yake alimleta akilalamika tumbo, hapati choo vizuri, hataki kula. Nilimwandikia dawa za minyoo. Baada ya wiki kadhaa alirudi, safari hii nikaona amepauka. Damu ilikuwa chini. Nikampa dawa ya kuongeza damu na nikamweleza mama kuhusu mboga za majani, maini na dagaa. Mara ya tatu mama alisema jambo ambalo lingepaswa kunisimamisha: “Daktari, mwanangu amebadilika. Amekuwa mkali, na maneno aliyokuwa anayasema siku hizi hayasemi.” Foleni ilikuwa ndefu. Nilimpima malaria, hakuwa nayo, nikamwambia watoto wa umri huo hupitia vipindi.

Mara ya nne aliletwa usiku akiwa na degedege.

Aliyeuliza swali sahihi si mimi. Ni muuguzi wa zamu, mama mtu mzima aliyekaribia kustaafu. Akiwa anamfunga mtoto dripu alimgeukia mama na kuuliza: “Hivi, baba yake anafanya kazi gani?”

Baba yake alinunua betri mbovu za magari, akazivunja uani, akayeyusha risasi yake kwenye sufuria juu ya jiko la mkaa. Alitengeneza chubwi za nyavu na mishipi, akawauzia wavuvi. Ilikuwa kazi halali kabisa machoni pake, na ndiyo iliyolipa kodi ya nyumba. Mtoto alicheza pale pale uani. Kuku walidonoa pale pale. Nguo za kazi zililala kwenye kitanda kimoja na familia.

Sampuli ya damu ilipelekwa maabara kubwa. Majibu yaliporudi, kiwango cha risasi kilikuwa mara nyingi juu ya kile kinachotutaka madaktari tuchukue hatua. Mtoto alipona kwa maana ya kwamba yupo hai. Alianza shule akiwa amechelewa kuliko wenzake, na kuzungumza kulimpa shida kwa muda mrefu. Mama yake aliniuliza kama angegundulika mapema ingesaidia. Nilimwambia ukweli: kila wiki aliyobaki kwenye ua ule ilikuwa wiki nyingine ya kuila sumu, na mimi nilichangia wiki kadhaa.

Risasi hufanya nini mwilini

Mwili wa binadamu hauna kazi hata moja inayohitaji risasi. Ikiingia, mwili huichanganya na kalsiamu na kuihifadhi kwenye mifupa na meno, ambako inaweza kukaa miaka mingi. Mwanamke aliyeivuta utotoni anaweza kuitoa mifupani wakati wa ujauzito, ikavuka kondo la nyuma na kumfikia mtoto tumboni.

Watoto ndio huathirika zaidi, kwa sababu tatu. Hutambaa chini na kutia mikono mdomoni. Ubongo wao bado unajengwa. Na kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), kutoka kwenye chanzo kile kile mtoto mdogo anaweza kufyonza risasi mara nne hadi tano zaidi ya mtu mzima. Mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma hufyonza zaidi, na risasi yenyewe hupunguza damu. Ndiyo maana mgonjwa wangu alipauka.

WHO inasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Miongozo yake inataka chanzo kitafutwe na kuondolewa iwapo damu ina maikrogramu 5 au zaidi kwa desilita. Kwa kiwango hicho mtoto anaweza asionyeshe dalili yoyote. Anachopoteza ni sehemu ya uwezo wa kujifunza, kutulia na kukumbuka. Mzazi ataambiwa shuleni kwamba mwanawe mtundu au mzito. Kiwango kikipanda sana ndipo huja maumivu makali ya tumbo, kutapika, kufunga choo, degedege, kupoteza fahamu, hata kifo. Kwa watu wazima, risasi hupandisha shinikizo la damu, huharibu figo na huweza kuharibu mimba.

Dawa za kuitoa risasi mwilini zipo na hutumika kwa viwango vya juu, lakini haziwezi kurudisha kile ambacho ubongo umeshapoteza. Tiba ya kwanza daima ni kumtoa mtoto kwenye chanzo, au kukitoa chanzo kwa mtoto.

Si bonde la Uingereza peke yake

Ripoti ya UNICEF na shirika la Pure Earth ya mwaka 2020 ilikadiria kwamba mtoto mmoja kati ya watatu duniani, yaani hadi watoto milioni 800, ana kiwango cha risasi kilichofikia au kuzidi hizo maikrogramu 5. Wengi wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati.

Majirani zetu wa Zambia wanajua. Kabwe ilikuwa na mgodi na tanuri la risasi tangu mwanzoni mwa karne ya 20 hadi mwaka 1994. Mgodi ulifungwa, lakini watoto waliozaliwa miaka mingi baadaye wamekutwa na risasi kwenye damu kutokana na vumbi la uani kwao. Mwaka 2010, katika jimbo la Zamfara, Nigeria, wachimbaji wadogo wa dhahabu walisaga mawe yenye risasi nyingi majumbani na vijijini mwao, na zaidi ya watoto 400 walifariki. Walikuwa wakitafuta dhahabu, risasi hawakuifikiria.

Mombasa nako, wakazi wa mtaa wa Owino Uhuru walipata sumu kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi kiwandani hapo na ambaye mwanawe mchanga aliathirika, aliongoza wenzake kudai haki, akapata Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya.

Kuna na habari njema. Petroli yenye risasi iliondolewa Afrika kusini mwa Sahara kufikia mwanzo wa mwaka 2006, na tangu mwaka 2021 haiuzwi tena kwa magari popote duniani. Chanzo kikubwa kabisa kimezibwa kwa uamuzi wa serikali. Vilivyobaki vingi vipo karibu zaidi na mlango wa nyumba, na hapo mzazi ana nguvu.

Mzazi afanye nini

Kwanza, usiogope kupita kiasi. Mtoto kushika jiwe la galena mara moja hakumpi sumu. Hatari ni vumbi linaloingia mdomoni siku baada ya siku.

Pili, mikono ioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kabla ya kula na kabla ya kulala, na kucha zikatwe. Vitakasa mikono vya jeli huua vijidudu lakini haviondoi risasi.

Tatu, kazi ya betri, ya kuyeyusha chuma chakavu au ya kusaga mawe ya madini isifanyike nyumbani wala karibu na watoto. Najua wengine hawana eneo jingine. Basi angalau tafuteni sehemu mbali na ua wa kuchezea, nguo na viatu vya kazi vibaki huko, oga kabla ya kumbeba mtoto, na nguo hizo zifuliwe peke yake.

Nne, ukiishi karibu na machimbo, ya sasa au ya zamani, deki kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia kukavu kunakorusha vumbi. Vueni viatu mlangoni. Usichukue kokoto au mchanga wa machimbo kujengea sakafu au kujaza ua.

Tano, kuwa mwangalifu na wanja. Baadhi ya wanja wa asili na surma hutengenezwa kwa kusaga galena, jiwe lile lile alilookota mtoto wa mdogo wangu. Najua wengi wetu tumepakwa wanja tukiwa wachanga ili kukinga husuda. Mapenzi ya bibi nayaheshimu, ila mtoto hujikuna jicho kisha hunyonya vidole. Mwacheni bila wanja.

Sita, akina mama wajawazito wanaokula udongo au pemba wamweleze mhudumu wa kliniki. Udongo wa sokoni hujui umechimbwa wapi, na hamu hiyo mara nyingi ni ishara ya upungufu wa damu unaotibika.

Saba, rangi ya mafuta inayobanduka ukutani, kwenye kitanda au kwenye kichezeo isiachwe itafunwe, wala isikwanguliwe kukavu mtoto akiwa karibu. Ukinunua rangi mpya, uliza kama haina risasi.

Nane, mlishe vizuri. Vyakula vyenye madini ya chuma, kalsiamu na vitamini C, kama dagaa, maharage, mboga za majani, maziwa na machungwa, hupunguza ufyonzaji wa risasi. Haviwi kinga ukiacha chanzo palepale. Anayenyonyesha asiache kunyonyesha kwa hofu, aje kwanza kliniki.

Usipoulizwa, sema

Tulipogeuza kurudi, mdogo wangu alitoa chupa ya maji na kipande cha sabuni kutoka kwenye mkoba wake, maana akina mama wa watoto wadogo wana kila kitu. Mtoto akaosha mikono kando ya njia, kidole kwa kidole, huku amenuna. Nilimpa mkate mwingine. Jiwe tuliliacha pale lilipokuwa. Aliniuliza kama jiwe ni baya. Nilimwambia si baya, ila halipaswi kuingia tumboni, na kwamba watoto wa zamani waliofanya kazi hapo hakuna aliyewaambia waoshe mikono.

Nikiwa kwenye ndege kurudi nyumbani, niliandika swali moja kwenye ukurasa wa mbele wa daftari langu la kliniki. Ni swali la yule muuguzi. Sasa namuuliza kila mzazi ambaye mtoto wake ana tumbo lisiloeleweka, damu isiyopanda kwa dawa, au tabia iliyobadilika ghafla: nyumbani kwenu na kwa jirani kunafanyika kazi gani, na hapo mnapoishi palikuwa na nini zamani?

Ninyi wazazi nawaomba jambo moja. Sisi madaktari huchoka, foleni huwa ndefu, na tunasahau kuuliza. Mkiwa mbele yetu na mnajua kwamba baba anavunja betri, kaka anasaga mawe ya dhahabu, au nyumba ipo pembeni mwa mgodi uliofungwa, msingoje kuulizwa. Semeni. Kipimo cha damu cha risasi hakipo katika vituo vyetu vingi, lakini sampuli inaweza kutumwa kunakopimwa, na hata kabla majibu hayajarudi tunaweza kumwondoa mtoto kwenye chanzo.

Mama wa mvulana yule alikuwa na jibu tangu siku ya kwanza. Aliishi nalo uani. Hakujua kwamba ni jibu, nami sikumuuliza.